Kabla Ukuta Haujapigwa Plasta

Mlango wa seremala ukipinda, utakwama siku hiyohiyo nawe utampigia simu arudi. Mwashi ana bahati nyingine: karibu kila kitu cha maana anachokifanya hufunikwa. Msingi hufunikwa na kifusi, nondo hufunikwa na zege, matofali hufunikwa na plasta, plasta hufunikwa na rangi. Aliyepunguza saruji kwenye kozi ya tatu ya matofali huenda akawa amehamia mkoa mwingine siku ukuta wako utakapoanza kutema mchanga. Kwa hiyo unapotaka kujenga uzio, kuongeza chumba au kukarabati nyumba, panga kila kitu, kuanzia makubaliano hadi malipo, ili uione kila hatua kabla haijafunikwa. Mengine yote nitakayoyasema yanatokana na hilo.

Fundi au mkandarasi

Anza na ukubwa wa kazi. Tanzania Bara, makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi chini ya sheria ya mwaka 1997, na wale wa majengo wamepangwa katika madaraja saba, la kwanza likiwa la kazi kubwa kabisa. Kenya, jukumu hilo ni la Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ghorofa, ukuta wa kuzuia udongo kwenye mteremko, au kubomoa ukuta uliobeba paa si kazi za kumpa fundi wa kijiweni, hata kama ameletwa na shemeji yako. Hapo tafuta mhandisi achore na mkandarasi aliyesajiliwa ajenge, kisha uthibitishe mwenyewe kwa Bodi kwamba usajili wake uko hai. Cheti hutolewa kopi popote.

Kwa uzio, banda, chumba cha uani au kuziba nyufa, wengi wetu humwita fundi mwashi na saidia fundi wake mmoja au wawili. Hakuna ubaya. Wapo mafundi wazuri sana ambao hawakukaa darasani hata siku moja, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima waliojifunzia kazini na kuwapa cheti. Cheti ni kitu kizuri, lakini mwambie fundi akupeleke kwenye ukuta alioujenga ambao umeshanyeshewa na masika angalau moja. Ukifika, simama kwenye kona moja, funga jicho moja, na utazame mstari wa kozi mpaka mwisho: ukipanda na kushuka, umeshajua. Funga jiwe kwenye uzi na uliteremshe kando ya ukuta. Hiyo ni timazi ya kutosha. Tazama pembe za madirisha kama kuna nyufa zinazokwenda mshazari, na tazama chini, pale ukuta unapokutana na ardhi, kama plasta imeanza kubanduka.

Siku nyingine rudi hapo bila yeye, uongee na mwenye nyumba. Usimuulize kama fundi ni mzuri. Watu wana haya; atasema ndiyo. Muulize kama kazi ilimalizika, kama vifaa vilitosha kwa hesabu iliyotolewa mwanzo, na kama fundi alipokosea alibomoa mwenyewe au mpaka wakagombana. Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida zaidi. Kila fundi hukosea kozi. Unachotafuta ni yule anayebomoa bila kusukumwa.

Kibali cha ujenzi usikiache kwa fundi. Nenda mwenyewe ofisi ya serikali ya mtaa na halmashauri kabla shimo la kwanza halijachimbwa, kwa sababu alama nyekundu ya X ikichorwa ukutani, aliyechimba hatakuwepo.

Makubaliano na hela

Waashi hulipwa kwa siku, kwa tofali, au kwa kazi nzima. Kwa siku, kazi hupata usingizi. Kwa tofali, hukimbia: fundi hujenga kozi nyingi kupita kiasi kwa mchana mmoja na ukuta mbichi huanza kujikunja. Maoni yangu ni kwamba ujenzi mpya ulipwe kwa kazi nzima iliyogawanywa hatua, na ukarabati ulipwe kwa siku, kwa sababu katika ukarabati hakuna anayejua kilicho chini ya plasta mpaka ibanduliwe. Anayekutajia bei ya jumla ya kuziba nyufa bila kugonga ukuta hata mara moja anabahatisha, na akibahatisha vibaya atafidia kwenye saruji yako.

Utasikia sana sentensi hii: “Bosi, nipatie nusu tuanze.” Usitoe nusu. Toa kidogo cha kumwezesha kuleta vifaa vyake na kula siku mbili tatu, kisha funga kila malipo kwenye hatua inayoonekana na ambayo bado haijafunikwa. Kwa uzio, mathalani, malipo ya kwanza ni mtaro ukishachimbwa na wewe umeshuka kuona kina chake na ugumu wa udongo. Ya pili ni msingi ukishapanda juu ya ardhi na kabla kifusi hakijarudishwa. Ya tatu ni kozi zote zikikamilika na ukuta bado uchi. Ya nne ni plasta. Bakiza kiasi, tuseme sehemu moja ya kumi, mpaka wiki nne zipite. Fundi aliyeajiriwa kwa uungwana hatalalamika, mradi umemwambia mwanzoni na si siku ya mwisho.

Posho ndiyo huleta ugomvi kuliko kitu kingine. Hela ya chakula unayotoa kila asubuhi, je, ni sehemu ya bei au ni juu ya bei? Liseme hilo siku ya kwanza na liandikwe. Daftari la kaunta linatosha: kazi ni ipi, kwa urefu na kimo gani, nani ananunua nini, malipo ni mangapi na kwa hatua ipi, nani analipa kitu kikiharibika. Wekeni saini, na awepo shahidi mnayemheshimu wote, mjumbe au jirani. Malipo yapite kwenye simu ili ujumbe ubaki. Makubaliano ya mdomo hufanya kazi vizuri mpaka siku ambayo fundi anaingia mitini, na siku hiyo ofisi ya mtaa itakuuliza karatasi.

Vifaa nunua mwenyewe, na usione haya kuhesabu mifuko ya saruji mitupu jioni. Si kila upungufu ni wizi. Matofali huvunjika wakati wa kushusha, mchanga huchukuliwa na mvua, na fundi mwenye heshima hatakasirika ukimwomba mifuko mitupu iwekwe mahali pamoja.

Tofali, mchanga na maji

Muuza matofali muulize mfuko mmoja wa saruji unamtolea mangapi, kisha mpigie hesabu hapohapo. Tofali la inchi 6 lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, lisilo na tundu, lina ujazo wa lita 16 hivi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Akikwambia mfuko mmoja hutoa matofali 40, amejaza lita 640 kwa mfuko mmoja: mchanga sehemu 18 kwa saruji sehemu moja. Akisema 20, amebaki karibu na sehemu 9. Huna haja ya maabara. Tofauti ya tofali moja na jingine iko kwenye mgao huo, na ndiyo maana bei zinatofautiana. Tofali dhaifu hujionyesha: likwaruze kona kwa msumari, lidondoshe kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Muulize pia lilimwagiliwa siku ngapi. Lisilomwagiliwa wiki moja, likakaa juani tangu lifyatuliwe, limekauka bila kukomaa, na saruji iliyokauka mapema haifufuliwi kwa kumwagiwa baadaye.

Ukiwa Iringa, Songea au Mbeya, pengine unajenga kwa tofali la kuchoma. Ubora wake unategemea lilikaa wapi ndani ya tanuri. La pembeni hutoka na rangi ya udongo, halijaiva. Lililobanwa na moto huungua likapinda na kuwa jeusi. Chukua yenye wekundu ulio sawa, uyagonganishe mawili usikie mlio mkavu unaolia, si mdundo mzito. Loweka moja usiku kucha: uzito ukizidi kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, linakunywa maji mno. Na kabla ya kujengea, matofali haya yaloweshwe, la sivyo yatanyonya maji ya udongo wa saruji na kiungo kitabaki unga.

Mchanga mzuri hauchafui kiganja ukiufikicha. Jaribu vizuri zaidi kwa chupa ya uwazi: jaza mchanga nusu, ongeza maji, tikisa, uache usiku mmoja. Tabaka laini la udongo litakaa juu. Likiwa jembamba hakuna tatizo, likiwa nene rudisha gari. Mchanga wa ufukweni usiuguse hata kwa bei ya kutupa. Chumvi yake itakuandama miaka mingi, ikitoka ukutani kila msimu na kula nondo taratibu. Kwa sababu hiyohiyo, kisima chenye maji ya magadi au chumvi si cha kukorogea zege.

Siku za kazi

Mgao wa kujengea na wa plasta huwa kati ya sehemu 4 na 6 za mchanga kwa moja ya saruji. Kwa moja kwa sita, mfuko mmoja unakwenda na ndoo kumi na nusu za lita 20, zilizofutwa juu. Wekeni ndoo iwe kipimo, si koleo, maana koleo la asubuhi na koleo la saa tisa alasiri hayalingani. Wakoroge kikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji. Udongo uliokwisha kuanza kushika, ukaongezewa maji ili ulainike, umekufa. Utamwona saidia fundi akiufufua baada ya chakula cha mchana, mwambie autupe. Hasara ya karai moja ni ndogo.

Kuna mahali pa kusimama wewe mwenyewe. Pa kwanza ni juu ya msingi, pale karatasi ya kuzuia unyevu inapolazwa kabla ya kozi ya kwanza ya ukuta. Itandazwe upana wote wa ukuta, mapande yapandane, na ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje itakavyokuwa baada ya kusawazishwa. Wengi huiruka kwa sababu ni ya bei ndogo na haionekani, kisha hutumia fedha za miaka kumi kupaka rangi upya. Pa pili ni linta: iingie ndani ya ukuta sentimita 20 kila upande wa dirisha au mlango, na nondo zisilale chini kwenye mbao bali ziinuliwe ili zege lizizunguke. Pa tatu ni pale mafundi umeme na bomba wanapochonga ukuta. Mchongo mrefu wa kulala, wa kina, hukata ukuta wa inchi 5 vibaya sana. Michongo isimame wima.

Kisha kumwagilia. Zege, viungo na plasta vinahitaji unyevu siku 7 kwa uchache, asubuhi na jioni, na jua kali likiwepo vifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa. Amueni ni kazi ya nani. Fundi hudhani ni yako, wewe unadhani ni yake, na ukuta unakauka katikati. Rangi isubiri wiki nne hivi.

Miezi ya Juni hadi Septemba, baada ya masika, ndiyo mizuri kwa ukarabati katika Pwani na Dar es Salaam. Ukingoja vuli ianze utapanga foleni na kila mtu ambaye paa lake limevuja.

Nyumba ikishasimama

Adui wa ukuta ni maji, na kazi yako ni kujua yanatokea wapi kabla ya kununua chochote dukani. Unyevu uliokaa kama mkanda chini ya ukuta, kwa kawaida usiozidi mita moja, unapanda kutoka ardhini: ama hakuna karatasi ya kuzuia unyevu, ama kifusi cha bustani kimerundikwa mpaka kikaipita. La pili ni rahisi. Shika koleo, ushushe udongo. Unyevu unaoanzia juu unatoka kwenye paa au gata. Na doa moja lisilokauka hata mwezi Agosti, nyuma ya bafu au jikoni, ni bomba. Mtu anayekuuzia rangi ya kuzuia maji kabla ya kuuliza doa liko wapi anakuuzia kifuniko, na maji yaliyozibiwa njia moja hutafuta nyingine.

Paa lisilo na gata humwaga maji mstari mmoja, nayo hurusha tope kwenye plasta mwaka hadi mwaka. Ukanda wa zege wenye upana wa sentimita 60 au zaidi kuzunguka nyumba, ulioinama kwenda nje, unaokoa msingi kuliko rangi yoyote. Miti yenye mizizi mikubwa iwe mbali.

Unga mweupe unaotoka ukutani ni chumvi iliyoletwa na maji na kuachwa yalipokauka. Usiuoshe: ukiuosha unaurudisha ndani. Usugue kwa brashi kavu, uufagie, na ushughulikie maji. Asidi ya kusafishia vyoo isifike kwenye mawe wala viungo.

Nyufa zina lugha zake. Nyuzi nyembamba zilizosambaa juu ya plasta tu kama ramani ni plasta iliyokauka haraka, zinaudhi macho na basi. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo, au unaoanzia pembe ya dirisha ukienda mshazari, unahusu msingi au linta. Uandikie tarehe kwa penseli kwenye ncha zake zote mbili na uchore alama mbili, moja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kwa rula kila mwezi. Usipoongezeka baada ya masika na kiangazi kupita, uzibe. Ukiongezeka, au ukiingia kidole, au mlango wa karibu ukianza kukwama, mwite mhandisi, na usimruhusu mtu auzibe kwa saruji ili upendeze. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, nyufa za namna hii ni za kawaida mno kwa nyumba zenye msingi mfupi, na dawa huanzia chini.

Viungo vya tofali la kuchoma lisilopigwa plasta huliwa na mvua kabla ya tofali lenyewe. Vikishabonyea, fundi avichokoe kwa kina cha sentimita 2 kwa patasi nyembamba, si kwa mashine ya kukatia inayopasua kingo, aloweshe, ajaze udongo wa saruji usio mgumu kuliko tofali. Mashine ya kuoshea magari kwa presha isielekezwe huko.

Nyumba za mawe na chokaa

Wenye nyumba za kale za matumbawe wana masharti yao, na hapa ndipo mafundi wazuri wa saruji huharibu mali za watu kwa nia njema kabisa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Kuta nene za nyumba hizi, nusu mita au zaidi, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta kama huo hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena kupitia chokaa. Ukipigwa plasta ya saruji, maji huingia kwa nyufa ndogo na hayapati pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, jiwe husagika, udongo wa ndani hulainika, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza bila mtu kuona. Saruji yenyewe hubaki imesimama, ngumu na nzuri, mpaka siku inapobanduka kama ubao na jiwe likafuata. Rangi za plastiki hufanya madhara yaleyale polepole zaidi.

Katika Mji Mkongwe, kabla ya kugusa ukuta, pitia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Utahitaji idhini, na ni mahali pazuri pa kuulizia mafundi. Chokaa iliyochomwa huzimwa kwa maji kisha hulazwa wiki nyingi kabla ya kutumika, tena izimwe na mtu mwenye glavu na miwani, maana huchemka na hupofusha. Hupakwa kwa matabaka membamba, kila moja likiachwa lishike kabla ya linalofuata, na hukingwa na jua kwa sababu inakomaa taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa. Ikikamilika, ukuta upakwe chokaa nyepesi mara kwa mara, na mimea inayoota darini ing'olewe ikiwa bado changa.

Fundi utakayemchagua kwa kazi hiyo muulize chokaa yake ameilaza muda gani. Akikujibu kwamba huwa wanaichanganya na saruji kidogo ili ishike haraka, mpe nauli yake, umshukuru kwa kuja, na uendelee kutafuta.